Seva inakwama nami niko mbali

SWALI: Ndugu Mhariri, seva yetu ya Dell iko Dar es Salaam nami naihudumia nikiwa Mwanza. Usiku hujizima na kujiwasha, na asubuhi nikiunganika nakuta kioo cheusi. Je, ni lazima nisafiri?

JIBU: Usikate tiketi kwanza. Ndani ya seva hiyo mna kompyuta ndogo inayojitegemea, iitwayo iDRAC, ambayo huendelea kufanya kazi hata seva ikizimwa, mradi umeme unafika. Ikiwa na leseni ya Enterprise (kibali cha kulipia kinachoiongezea uwezo), hurekodi kwa video yanayoonekana kwenye kioo katika uwashaji wa mara 3 za mwisho. Fungua ukurasa wake kwa kivinjari, pakua video hizo, kisha zitazame polepole, kwani onyo la diski isiyoonekana huweza kupita kwa sekunde chache tu.

Angalia pia mpangilio wa kurekodi. Ukichagua irekodi hadi mwisho wa ukaguzi wa vifaa ambao seva huufanya inapowaka, hutaona hitilafu inayotokea mfumo endeshi unapopakiwa. Kwa tatizo lako ningechagua irekodi hadi nafasi yake ijae.

Lililowahi kuniponza mimi ni hili: mlinzi mwenye nia njema alichomoa waya wa umeme ili “kuisaidia” seva, na video zote zikafutika, kwa kuwa hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Ukikuta hazipo, soma orodha ya matukio ndani ya iDRAC, ambayo haipotei umeme unapokatika.