Usiku wa baba: tulivyoamua kumpeleka kwenye makao ya wazee

Baba alikuwa mgema. Kwetu Kaloleni, Kilifi, mgema hupanda mnazi alfajiri na jioni, kila siku, na baba aliianza kazi hiyo akiwa kijana, kabla ya uhuru wa 1963. Ugonjwa wa kusahau ulipomwingia, majina ya wajukuu yalimtoka, njia ya sokoni ikamtoka, lakini saa za mnazi hazikumtoka. Jua likianza kushuka alikuwa akiinuka kitini kutafuta kotama, kisu chake cha kugemea, na kibuyu chake, na asipoviona alitugombeza kwamba tumemwibia. Kaka aliificha kotama darini. Jioni moja tulimkuta amekumbatia mnazi, mguu wa kwanza ushapanda, naye anakaribia miaka 80.

Tangu tumpeleke kwenye makao ya wazee, watu huniuliza kwa kunong'ona, kana kwamba ni jambo la aibu: mlijuaje kwamba wakati umefika? Nawajibu kwamba tulianza kuhesabu usiku. Mchana humficha mgonjwa. Mchana watoto wapo, majirani wapo, mzee akitoka nje kuna jicho litakalomwona. Mgeni akija, baba humwamkia vizuri na kumwuliza habari za kwao, mgeni akaondoka akisema, "Mbona mzee yuko sawa?" Ukitaka kuujua ukweli, uliza nani yuko macho saa nane za usiku, na amekuwa akikesha hivyo kwa miezi mingapi.

Lakini kabla ya kuhesabu usiku, nendeni hospitali, tena mwende na mtu anayeishi naye. Sisi tulipoteza miaka miwili tukisema ni uzee. Dimenshia ni ugonjwa wa ubongo, na wako wazee wengi wanaofika miaka 90 bila kuupata. Daktari alimpima damu kwanza, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingoni huweza kumfanya mtu asahau, na hayo yana tiba. Baba hakuwa nayo. Alikuwa na Alzheimer's, aina mojawapo ya dimenshia, na ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya.

Na msiamue lolote katika wiki mbaya. Kuna wakati baba alibadilika ndani ya siku mbili tu: akawa haoni kwamba tuko mbele yake, anazungumza na mama aliyefariki zamani, hali chakula. Tukaanza kuulizana juu ya makao siku ileile. Kumbe yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kwa mzee maambukizi kama hayo huweza kuivuruga akili ghafla, hata bila homa kubwa. Alimeza antibiotiki, na baada ya siku chache akarudi pale alipokuwa. Tuligundua pia kwamba alikuwa anapewa Piriton usiku ili alale. Nia ilikuwa njema, lakini dawa za mafua za aina hiyo humzidishia mzee kuchanganyikiwa. Mwonyesheni daktari kila kidonge kilichomo nyumbani.

Sasa usiku wenyewe. Aliyekesha kwetu ni wifi yangu, mke wa kaka. Alikuwa anafunga ncha moja ya leso kwenye komeo la mlango na nyingine kwenye mkono wake, ili baba akifungua aamke. Alifanya hivyo mwaka mzima bila kumwambia mtu. Mimi niko Mombasa, nafundisha. Mdogo wetu yuko Doha. Kwenye kundi letu la WhatsApp, aliye Doha ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote: baba hawezi kulelewa na watu baki sisi tuko hai. Mimi pia nilimuunga mkono, na hilo linaniuma mpaka leo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wifi alikuwa amekonda, presha imempanda, na siku moja alisinzia jikoni sufuria ya mafuta ikiwa mekoni.

Leso ilimshinda siku tatu mfululizo. Baba alitoka, na mara zote tatu alikutwa kwenye uwanja wa jirani usiku wa manane, amevaa shuka, amesimama chini ya minazi yao. Mtu wa Kilifi anaelewa maana ya jambo hilo. Mzee mwenye mvi anayesimama usiku kwenye boma la watu huitwa mwanga, na kwetu wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Wako wanaopaka nywele kanta nyeusi ili mvi zisionekane. Kule Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi wazee waliokimbia tuhuma hizo. Nikiwafikiria sasa najiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu, waliopotea njia gizani.

Jirani yetu alikuja asubuhi, kwa heshima, akakaa na kaka. Mtoto wake alikuwa mgonjwa. Alisema, "Mimi namjua mzee, alinigemea mnazi wa harusi yangu. Lakini vijana hawajui hayo." Nitamshukuru mtu yule maisha yangu yote. Jioni ileile baba alikuwa kwangu Bamburi.

Nilidhani nimemaliza tatizo, kumbe nimelihamisha tu. Ghorofa ya tatu, hakuna uwanja, hakuna mnazi. Kila magharibi aliniomba nimrudishe kwao, akiniita kwa jina la shangazi. Asubuhi niliwahi kumfungia mlango nikaenda kazini, nikarudi mchana kumkuta ameanguka bafuni, amejilowesha, amelala pale sijui kwa saa ngapi. Msichana tuliyemwajiri alivumilia wiki tano. Simlaumu. Kumwinua mwanamume mzima usiku ni kazi ya watu wawili.

Hapo ndipo tuliita kikao. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kuwapa, ni huu: aliyemwogesha mgonjwa azungumze wa kwanza, na wengine wanyamaze mpaka amalize. Kwetu alikuwa wifi. Alizungumza muda mfupi. "Baba nampenda. Lakini mimi nikianguka, nani atafunga hiyo leso?" Ndugu yetu wa Doha, kwenye simu, alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza bei.

Kwa wale wanaosema ni kumtupa mzazi: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Mzee aliyefungiwa ghorofani, au anayewindwa gizani, haishi kwa heshima hata akiwa amezungukwa na damu yake.

Kuhusu pesa nitasema wazi, maana watu huogopa kuuliza. Tulipompeleka tulikubaliana shilingi 38,000 kwa mwezi, nepi na dawa mbali. Fedha za Inua Jamii, msaada wa serikali wa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, hazifiki hata kwenye nepi. Doha hutuma nusu. Mimi natoa sehemu yangu, na minazi ya baba tumemkodisha kijana mgema, kodi yake huenda moja kwa moja kwa baba. Andikeni nani analipa nini, na itakuwaje mmoja akipoteza kazi. Wifi halipi hata senti, na hilo pia tumeliandika.

Tulitembelea sehemu tatu, bila kupiga simu kwanza, saa kumi na mbili jioni, kwani hiyo ndiyo saa ngumu kwa wagonjwa wengi wa dimenshia. Sehemu moja ilikuwa na sakafu inayong'aa na bustani nzuri, lakini ndani tulikuta wazee wawili wamefungwa vitini kwa shuka. Tuligeuka palepale. Ulizeni wahudumu wa usiku ni wangapi kwa wazee wangapi. Ulizeni nani ameagiza dawa za usingizi, na kwa sababu gani. Ulizeni kama mnaweza kuja wakati wowote, na mtazame uso wa anayewajibu. Geti lifungwe, lakini mzee awe na mahali pa kutembea akizunguka arudi palepale. Harufu ya mkojo mara moja ni ajali. Ukiikuta kila chumba, basi hakuna anayewabadilisha.

Jambo ambalo hakuna aliyetutahadharisha ni lugha. Kiswahili cha baba kilikuwa kinaondoka, kama kinavyoondoka kwa wengi waliojifunza lugha hiyo baada ya ile ya nyumbani. Kimebaki Kigiriama. Mhudumu kutoka mbali, hata awe na moyo mwema, hawezi kumtuliza mtu analia kwa lugha asiyoijua. Tulichagua makao yanayoendeshwa na masista, ambayo majengo yake ni ya zamani, kwa sababu ya mhudumu mmoja kutoka Rabai. Kirabai na Kigiriama ni ndugu. Siku ya kwanza baba aliomba madzi, yaani maji, yule mhudumu akamjibu kama wanavyojibu kwetu, na mabega ya baba yakashuka.

Tulipeleka kigoda chake, leso ya marehemu mama na kibuyu kimoja kitupu. Kotama ilibaki darini. Masista hawakucheka tulipoeleza kibuyu ni cha nini.

Miezi ya kwanza alikonda kidogo, na kila tulipoaga aliuliza tunaenda wapi bila yeye. Sijapata dawa ya swali hilo. Tumeacha tu kuaga mlangoni. Tunaondoka wakati anakula.

Wifi huja Jumamosi. Presha yake imeshuka, uso umerudi. Hukaa na baba mpaka saa ya mnazi, wakauzunguka mwembe wa uwanjani pamoja, baba ameshika kibuyu chake na kuangalia juu, kisha humkabidhi kwa yule mhudumu wa Rabai na kuwahi matatu ya mwisho ya Kaloleni.