Kabla hujaandika barua ya tatu

Mwanangu mpenzi,

Wauliza kama barua mbili za onyo zatosha kumwachisha kazi yule karani wa bohari, au lazima zitimie tatu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 haitaji idadi. Idadi hutoka kwenye kanuni za kampuni yenu au makubaliano na chama cha wafanyikazi, na ikiwa imeandikwa huko, yakufunga.

Mimi lakini shida naiona kwenye barua ya kwanza. Yasema "utendakazi wako hauridhishi". Hauridhishi vipi? Taja tarehe, taja kontena lililotoka hesabu haijalingana, alitakiwa afanye nini, ana muda gani wa kujirekebisha na nani atamwelekeza. Na kabla ya barua, keti naye faraghani, si mbele ya wapakizi. Mtu asishtukizwe.

Ami yako wamkumbuka. Askari wa lango ndiye aliyemwambia jina lake limefutwa, mkoba wa chakula mkononi. Huenda kweli alikosa. Kinachonichoma hadi leo ni kwamba kosa lenyewe hakuambiwa.

Kifungu cha 41 cha Sheria hiyo chakutaka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyikazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, kisha umsikilize. Mpe mwito wa maandishi wenye tuhuma zote, na siku kadhaa ajiandae. Mazungumzo yaandikwe, yatiwe sahihi. Usiingie kikaoni na barua ya kumwachisha imeshachapwa. Tarehe yake itakuumbua mahakamani. Hata wizi, ambapo notisi haidaiwi, haumwondolei haki ya kusikilizwa. Waajiri wengi huanguka hapo: sababu wanayo, utaratibu hawana, na mahakama yaweza kuwatoza fidia ya hadi mishahara ya miezi 12.

Utanijibu kwamba meli haingoji na makosa yake wenzake ndio wanaoyarekebisha usiku. Ni kweli, na kumvumilia mzembe ni kuwadhulumu wanaojituma. Nimeliwaza hilo sana tangu nisome barua yako. Bado nasema, mtu asishtukizwe.

Akienda, aliye wa mshahara wa mwezi apewe notisi ya maandishi ya siku 28 au malipo badala yake. Mlipe siku alizofanya kazi na likizo aliyokuwa anadai. Cheti cha utumishi usimnyime, hata kama mmeachana vibaya.

Sitaki kukuamulia, ingawa maneno yako kooni. Ila umeandika mwenyewe kwamba kuchelewa kulianza alipohamishiwa zamu ya alfajiri, na yeye akaa Likoni, ng'ambo ya feri. Kuna yeyote aliyemuuliza habari ya feri saa hizo? Na zile hesabu zisizolingana, ni za kabla ya zamu hiyo au baada? Fungua daftari uangalie tarehe, kisha mwite.

Mamako