Nimeacha Sukari Kwenye Chai, Mbona Kipimo Hakishuki?

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 52 na niligundulika kuwa na kisukari cha aina ya pili mwaka jana. Natumia vidonge vya metformini na glibenklamidi. Tangu wakati huo sitii sukari kwenye chai wala sinywi soda, lakini saa mbili baada ya mlo wa mchana kipimo cha sukari husoma 13 au 14 mmol/L. Nikiona hivyo huacha chakula cha usiku ili kufidia, na mara mbili nimeamka usiku nikitetemeka na kutokwa na jasho. Jirani ananishauri nitumie asali badala ya sukari na ninywe juisi ya matunda kila asubuhi. Ni vyakula gani niviache kabisa?

JIBU: Ndugu msomaji, nitaanza na hayo ya usiku, kwa sababu ndiyo yanayonitia hofu zaidi katika barua yako. Kutetemeka na kutokwa na jasho ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi. Glibenklamidi huchochea kongosho kutoa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, hata kama hujala, na nguvu yake hudumu kwa saa nyingi, hivyo ukimeza kidonge kisha ukaacha mlo, sukari huendelea kuondolewa kwenye damu ilhali hakuna nyingine inayoingia kutoka tumboni. Tafadhali usiruke tena mlo wa usiku, na mweleze daktari anayekutibu habari hizi mapema iwezekanavyo, maana huenda akaona haja ya kupunguza au kubadilisha dawa. Usiipunguze mwenyewe.

Hali hiyo ikikurudia, pima. Ikiwa sukari iko chini ya 3.9, au ikiwa kipimo hakipo karibu, koroga vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji, unywe, usubiri dakika 15, kisha upime tena. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ukishapata nafuu, kula chakula chenye wanga, kwa sababu kwa dawa hii sukari inaweza kushuka tena baada ya muda. Watu unaoishi nao nao wajue kwamba mtu aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu chochote, anawahishwa hospitali.

Sasa tuje kwenye mlo wa mchana. Kuacha sukari ya chai na soda ni hatua nzuri, na uendelee nayo, lakini wanga wote, uwe wa wali, mkate, viazi au tambi, humeng'enywa na kuwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4 za wanga. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina gramu 45 hivi, yaani karibu sawa na vijiko 11 vya sukari, na wengi wetu hatupakui kikombe kimoja. Hapo ndipo ninapodhani 13 yako inatoka.

Huna haja ya kuuacha wali. Igawe sahani yako kwa macho: nusu iwe mboga zisizo na wanga mwingi, kama za majani, kabichi, nyanya au biringanya, robo iwe samaki, mayai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi, robo inayobaki ndiyo ya wali au chakula kingine cha wanga. Maharage na dengu vina protini na wanga pamoja, kwa hiyo ukivila, punguza wali kidogo. Anza na mboga na samaki, wanga umalizie, kwani mpangilio huo husaidia sukari isipande kwa kasi baada ya kula. Nafaka isiyokobolewa ni bora kwa sababu ya nyuzinyuzi zake, ingawa nayo hupandisha sukari ikiliwa bila kipimo.

Kuhusu ushauri wa jirani, asali ni sukari, na damu yako haitaitofautisha na ile uliyoiacha. Juisi, hata uliyokamua mwenyewe, ina sukari ya matunda kadhaa katika glasi moja na nyuzinyuzi zake nyingi zimetupwa. Kula tunda lenyewe, moja dogo kwa wakati mmoja.

Mimi sipendi orodha ndefu za vyakula vilivyopigwa marufuku. Nimeona zinavyowafanya wagonjwa wale kwa woga, kisha wachoke na kuacha kila kitu. Ukiondoa vinywaji vitamu, ambavyo ningependa uviache moja kwa moja isipokuwa sukari inaposhuka, vingine ni suala la kiasi. Kipimo chako kitakufundisha zaidi yangu: pima kabla ya mlo na saa mbili baada ya kuanza kula, uandike ulichokula na kiasi chake. Watu wazima wengi hulenga kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya kula, ingawa daktari wako anaweza kukupangia viwango tofauti.

Nenda kliniki na daftari hilo, uombe pia kipimo cha HbA1c, kinachoonesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Kama umewahi kuambiwa kwamba figo zako zina tatizo, muulize daktari kabla ya kuongeza nyama, maharage au matunda.