Mvinyo mwekundu wa ng'ambo: usilipie jina la kijiji

Mkuu, umeuliza utapataje mvinyo mwekundu mzuri wa nje bila kumaliza mfuko, na wadau wamekuelekeza Bordeaux na Burgundy, maeneo maarufu ya mvinyo Ufaransa. Sibishi, kuna mvinyo mzuri huko, ila sehemu kubwa ya hela yako inalipia jina. Mimi huitafuta zabibu ileile mahali ambapo jina bado halijavuma.

Chukua Grenache. Ndiyo zabibu kuu ya Châteauneuf-du-Pape kule Ufaransa, na bei zake unazijua. Wahispania huiita Garnacha. Calatayud na Campo de Borja, mkoani Aragón, kuna mizabibu mizee ya aina hiyo kwenye ardhi kavu. Inazaa kidogo, ndiyo maana ladha inakolea. Kwa miaka mingi zabibu za huko ziliishia kwenye vyama vya ushirika na mvinyo ukauzwa kwa jumla, jina halikukua, bei ikabaki chini. Zabibu ya Mourvèdre nayo ni hivyohivyo: ya Bandol, Ufaransa, ni ghali, ila ukivuka hadi Jumilla, Hispania, inaitwa Monastrell na inauzwa kama vile haijui thamani yake.

Hiyo Monastrell usiikatie tamaa kwa funda la kwanza. Ni nyeusi tii, kileo mara nyingi asilimia 14 au zaidi, na ukakasi wake unakamata fizi. Imimine kwenye jagi, iache kama saa moja, utaona ukakasi umelegea na harufu ya matunda imejitokeza. Isiwe na joto pia. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha, ukizidisha utasikia kileo tu.

Kwa Chile, nenda na zabibu ya Carmenère. Asili yake ni Bordeaux, ikatoweka huko baada ya wadudu wa filoksera, na kule Chile ikawa inauzwa kama Merlot, zabibu nyingine, hadi 1994, mtaalamu wa mizabibu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipoitambua. Ikichumwa mapema inanukia pilipili hoho. Wapo wanaoipenda hivyo, mimi hapana.

Kwenye lebo, neno Reserva lisikuzuzue. Kule Rioja, Hispania, lina nguvu ya sheria, na madaraja ni matatu: Crianza nyekundu hutunzwa angalau miaka 2, mmoja ukiwa ndani ya pipa la mwaloni, Reserva miaka 3, Gran Reserva 5. Kwa pesa yangu, Crianza inatosha kabisa. Chupa ya Chile yenye neno hilohilo haikuhakikishii muda wowote wa pipa. Na ile chupa nzito yenye kitako kilichobonyea ndani? Hapo umenunua kioo.

Ureno ingestahili uzi wake. Bonde la Douro wanachukua zabibu zilezile za port, ule mvinyo mtamu wenye kileo kikali, Touriga Nacional na wenzake, wanatengeneza mvinyo wa mezani usio na sukari. Majina yanasumbua ulimi, na nadhani hilo linatusaidia kwenye bei. Ukiona huo ni mkali kwako, shuka Alentejo, kusini mwa nchi: kuna joto zaidi, mvinyo wake ni laini, unafungua na kunywa papo hapo.