Kitabu kimesainiwa, kadi bado inasoma FFT2

Ndugu, unauliza kwa nini kadi yako nyekundu (ile ya sifa za mzimamoto wa nyika) bado inasoma FFT2, ngazi ya kuanzia, wakati mtathmini wa mwisho ameshasaini kitabu chako cha majukumu (kile cha kazi unazopimwa) cha FFT1, ngazi inayofuata, na msimu wa moto Idaho unabisha hodi.

Sahihi ya mtathmini ni pendekezo tu. Anayekuthibitisha ni ofisa mwenye mamlaka hayo katika taasisi iliyokuajiri, na sahihi yake ina ukurasa wake. Fungua kitabu sasa hivi. Mara nyingi ukurasa huo ndio uko mtupu. Akishasaini, msimamizi wa IQCS (mfumo wa rekodi za sifa wa taasisi za serikali kuu) wa kituo chako ndiye anayeingiza taarifa, na kutoka hapo sifa zako huenda IROC, mfumo ambao waratibu wa kutuma wazimamoto huutumia kukuita kwenye moto. Kama sifa ya FFT1 haimo, kwao wewe ni FFT2, hata kikosi kizima kikushuhudie.

Umesema ulianzia idara ya jimbo. Hapo pana mtego: majimbo mengi yana mifumo yake ya rekodi, na rekodi hazihami zenyewe. Peleka cheti cha S-131 (kozi ya FFT1), na hakikisha tarehe za mwaka huu za RT-130 (mafunzo ya usalama ya kila mwaka) na mtihani wa kutembea zimeingizwa (zile maili 3 na mzigo wa ratili 45 ndani ya dakika 45).

Mwandikie msimamizi barua pepe moja, viambatisho vyote humo, nakala kwa bosi wako. Kumwambia mlangoni hakusaidii, ana watu wengi. Kadi ikitoka, soma kila mstari kabla hujaondoka ofisini.