Kati ya Wangapi?

Swali la wiki lilikuwa hili: je, takwimu za Korona zilizotangazwa kila siku, pamoja na asilimia za ufanisi wa chanjo, zilikusaidia kuamua lolote, au zilikuchosha tu? Mimi zilinichosha kwanza, zikaja kunisaidia baadaye sana, na sababu yake haihusiani na ukaidi wa wananchi, ambao ndio uliolaumiwa kila mara. Ninasomesha hisabati katika shule ya sekondari hapa Mombasa, na kosa nililolisikia kila alasiri redioni ni lile lile ninaloliwekea wino mwekundu kila muhula: mwanafunzi anaandika namba ya juu ya akisami na kuisahau ya chini.

Kisa cha kwanza nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Baada ya hapo Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, au mmoja wa wasaidizi wake, alisimama mbele ya kamera karibu kila siku akatusomea visa vipya, waliopona na waliofariki. Barazani kwetu, Mji wa Kale, "leo ngapi?" iligeuka kuwa salamu. Vijana walibahatisha hesabu ya siku kabla haijasomwa, na aliyekaribia zaidi alinunuliwa kahawa. Sikuwakemea, kwa kuwa mtu anayesomewa namba ya kutisha kila siku bila kuambiwa aifanyie nini ni lazima atafute namna ya kuizoea, na mchezo ni namna mojawapo.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba waziri hakuificha namba ya chini. Alisema visa kadha vimepatikana kutoka kwa sampuli kadha zilizopimwa katika saa 24 zilizopita. Lakini namba ya sampuli haikufika barazani. Iliachwa njiani, mahali fulani kati ya kichwa cha habari na sikio la msikilizaji. Chukua mfano wa darasani: Jumatatu vimepatikana visa 100 katika sampuli 1,000, na Alhamisi visa 150 katika sampuli 3,000. Baraza zima lingehuzunika Alhamisi na kusema mambo yameharibika, ilhali kiwango cha maambukizi katika vipimo kimeshuka kutoka asilimia 10 hadi 5. Hata kiwango hicho nacho hakisemi lolote mpaka ujue ni nani aliyekwenda kupimwa, na hapo ndipo jambo hili lilipotugusa wenyewe.

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilitangaza kufunga Mji wa Kale pamoja na Eastleigh ya Nairobi kwa siku 15, mtu asiingie wala asitoke. Wapimaji walikuja mitaani, na wengi wetu tulikaa ndani. Tuliitwa wajinga. Ukweli ni kwamba mtu aliyepatikana na virusi alijua angeondolewa nyumbani kwake, na habari za watu kudaiwa gharama za karantini zilikuwa zimeshaenea kila kichochoro. Kwa muuza samaki anayekula alichochuma siku hiyo, kipimo hakikuwa tiba bali hatari ya pili. Kwa hiyo namba ndogo ya mtaa wetu ilipotangazwa sikuweza kuifurahia, maana nilijua namba hiyo ilikuwa inahesabu watu waliokubali kufungua mlango.

Jibu la kweli zaidi lilitoka jirani, Kilifi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wa shirika la Uingereza la Wellcome Trust walipima chembe za kinga, ambazo mwili huziunda ukishaambukizwa, katika damu ya wachangiaji damu kutoka sehemu mbalimbali za nchi, iliyokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakakadiria kwamba takriban asilimia 4.3 walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na kwa Mombasa ilikuwa karibu 8. Ukiipeleka asilimia hiyo kwa taifa zima unapata zaidi ya watu milioni moja, wakati ambapo hesabu rasmi ya visa ilikuwa bado ya maelfu machache. Huo haukuwa ushahidi kwamba tulidanganywa. Ulikuwa ushahidi kwamba hesabu ya kila siku ilikuwa taa ya kurunzi katika ghala: inaonyesha pale ilipoelekezwa, na hapo tu.

Wapo watakaosema kwamba afadhali kutotangaza kabisa. Nina ndugu Tanga, na kwao namba ziligota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21 mwanzoni mwa Mei 2020, zikakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja. Je, walitulia? Shangazi yangu alinieleza kwamba walihesabu mazishi, na kila aliyekufa kwa maradhi ya kifua alizushiwa habari tatu tofauti. Namba mbovu unaweza kuikosoa; namba isiyokuwepo huiwezi.

Nije kwenye chanjo, ambako makosa yalikuwa mazito zaidi kwa sababu watu waliamua mambo ya miili yao kwayo. Shehena ya kwanza ya AstraZeneca, dozi zaidi ya milioni moja, ilifika Kenya tarehe 3 Machi 2021, na sisi walimu tulikuwa katika kundi la mwanzo pamoja na wahudumu wa afya na polisi. Katika chumba cha walimu, watu wenye shahada, chanjo zilipangwa kama matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari: Pfizer 95, hiyo ni A; AstraZeneca 70; Johnson & Johnson 66, arudie darasa. Mwenzangu mmoja aliapa kwamba atasubiri ile ya A.

Nilimchorea ubaoni. Katika jaribio la Pfizer kulikuwa na makundi mawili, kila moja likiwa na watu takriban 18,000. Waliopewa sindano isiyo na dawa waliugua 162. Waliochanjwa waliugua 8. Nane ukilinganisha na 162 ni kama asilimia 5, na pengo lililobaki ndilo 95. Mwenzangu alikuwa akiamini kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa, watano wataugua. Sivyo hata kidogo: waliougua hawakufika mmoja katika 2,000, kwa muda ule wa jaribio. Kisha nikamwonyesha kwamba Johnson & Johnson ilifanya mtihani mwingine, miezi ya baadaye, ikiwemo Afrika Kusini ambako virusi vilikuwa vimekwisha kubadilika, na ilihesabu ugonjwa wa wastani hadi mkali, si kila dalili; dhidi ya ugonjwa mkali peke yake ilipata 85. Hakuna mwalimu anayelinganisha alama za karatasi mbili tofauti. Alinisikiliza vizuri, akasubiri vile vile.

Mwezi wa Agosti ikaja habari ya Marekani, ikizunguka kwenye simu zetu kama moto wa makuti: katika mlipuko wa Julai 2021 katika jimbo la Massachusetts, visa 469, asilimia 74 kati yao walikuwa wamechanjwa kikamilifu. "Basi chanjo ndiyo inayoambukiza," waliandika. Matatu yetu ina abiria 14. Kumi na watatu wakiwa wamefunga mikanda na gari likapinduka, wengi wa majeruhi watakuwa wa mikanda, na hakuna atakayesema mkanda ndio uliovunja mguu. Katika jimbo lile wengi walikuwa wamechanjwa, kwa hiyo wengi wa wagonjwa wangekuwa wao pia. Na katika visa hivyo vyote waliolazwa hospitali walikuwa watano, hakuna aliyekufa. Hata hivyo sitaki kuwasifu wataalamu kupita kiasi. Wao ndio waliotuachia tuamini kwamba aliyechanjwa haambukizwi, na Delta, aina mpya ya kirusi hicho, ilipofika wakalazimika kurudi nyuma mbele ya watu ambao tayari walikuwa wanawashuku.

Barazani, mzee anayekaa karibu na deli la kahawa alinifuata siku moja baada ya Alasiri.

"Mwalimu, nimesikia hesabu zako zote. Mimi nichukue ipi?"

"Ami, chukua itakayokuwepo siku utakayokwenda."

Alitikisa kichwa, hakuridhika. Septemba, Johnson & Johnson ilipofika nchini, alikwenda kuchanjwa hiyo, ile ile ya 66. Nilipomuuliza kama hatimaye amezikubali hesabu zangu, alinijibu kwamba hesabu hazikuingia kabisa: magoti yake yanamuuma, zahanati ina ngazi, na hiyo ndiyo pekee aliyoambiwa kwamba ni ya sindano moja, utazipanda mara moja tu.