Nanga usiifunge ubavuni mwa mtumbwi, hasa ukiwa na watoto

Mkuu umeuliza mambo mengi, fimbo ya urefu gani, chambo gani, saa ngapi muingie ziwani, mtoto mdogo akae wapi, halafu katikati ya maswali yote hayo ukapitisha kasentensi kamoja kwamba nanga utaifunga kwenye ile pete ya katikati ya ubavu ili mtumbwi ukae kiupande na familia nzima mrushe mishipi upande mmoja. Nilivyofika hapo nikaacha kusoma. USIFUNGE NANGA UBAVUNI. Watu wamekujibu habari za minyoo na ndoano kutoka juu mpaka chini na hakuna hata mmoja aliyeligusa hilo, na inaniuma kwa sababu najua linaishia wapi. Mimi, mke wangu na watoto tumepinduliwa na pete ya namna hiyo hiyo.

Kwangu pete aliikomelea aliyeniuzia mtumbwi, kwa mkono wake, skrubu mbili ndefu kwenye ukingo katikati kabisa, tena akanipigia kofi kwenye ubao kuonyesha ilivyo imara, akasema hapa ndipo penyewe, mtumbwi hauzungukizunguki, kila mtu anavua kwa raha. Nikaingia kwenye video nikamkuta jamaa mwingine anafundisha vile vile, amekaa kwenye maji ambayo hayana hata kiwimbi, yuko peke yake, anatabasamu. Hawa watu wawili bado nina hasira nao mpaka leo. Muuzaji anajua kabisa anamuuzia mtu mwenye watoto, wamesimama pale pale wanachezea makasia, na hakutamka neno moja kuhusu upepo.

Na ubaya wa hiyo kitu ni kwamba maji yakitulia inafanya kazi vizuri sana, ndiyo maana watu wanaitetea. Asubuhi nzima sisi tulikaa raha mstarehe, mtumbwi umetulia, watoto wanavuta visamaki vyao. Upepo ukaanza taratibu tu, hakuna dhoruba wala wingu jeusi, ule upepo wa kawaida wa mchana. Mtumbwi ukiwa umefungwa mbele ungejigeuza wenyewe ukaelekeza pua kwenye mawimbi, maana ndivyo ulivyochongwa, wimbi linapasuliwa na omo, yaani hiyo pua ya mbele, linapita pembeni. Ukiufunga katikati hauwezi kugeuka. Unakaa umekingama, upepo unausukuma kwa urefu wake wote, kamba inauzuia upande wa joshi, yaani kule kule mawimbi yanakotokea, na hapo kamba haina pa kwenda isipokuwa kuvuta ule ukingo chini. Kumbuka pia upepo ukiongezeka kasi mara mbili nguvu yake inakuwa mara nne, kwa hiyo kale kaupepo ambako saa moja iliyopita kalikuwa kanapoza jasho, sasa ni habari nyingine kabisa.

Nilichokiona kwanza ni kamba. Ilikaza mpaka ikawa inajikamua, matone yanatoka kwenye nyuzi zake. Mke wangu akasema mbona miguu yangu imelowa, nikatazama chini nikaona kikopo cha chambo cha mtoto kinaelea sakafuni kinakwenda na kurudi. Sasa piga hesabu na wewe, sakafu ya mtumbwi ikiwa mita 4 kwa sentimita 60, maji ya kina cha sentimita 5 tu ni lita 120, ndizo kilo 120, yaani umepakia watu wazima wawili wengine bila kuwaita. Na hao watu hawakai mahali pamoja! Umewahi kubeba sinia lililojaa maji ukaliinamisha kidogo? Yote yanakimbilia upande ulioinama, ndio unazidi kuinama. Upande wenyewe ndio ule ambao kamba inauvuta.

Nikafanya ambacho mtu yeyote angefanya, nikasogea kwenye pete nifungue fundo. Yaani uzito wangu wote nikauongeza upande unaozama. Fundo lenyewe limelowa, limekaza, vidole haviingii. Wimbi moja tu likaingia kwa juu na basi, mtumbwi ukalala, tukawa wote majini.

Kitu ambacho hakuna aliyewahi kunieleza ni kilichofuata. Upepo ulikuwa unaelekea pwani ya ziwa, kwa hiyo nikajua tukishikilia mtumbwi uliopinduka utatusukuma polepole mpaka nchi kavu. Haukwenda popote. Nanga bado imeushika! Watoto wananing'inia kwenye ubao, nchi kavu tunaiona, na kamba ile ile iliyotupindua ndiyo inatuzuia tusifike. Kisu kilikuwa kwenye sanduku la ndoano na sanduku limeshazama. Laifu jaketi ya mdogo ilikuwa kubwa kwake, imempanda hadi usoni, mama yake ndiye aliyekuwa anaivuta chini muda wote huku na yeye anapiga miguu. Watu waliokuwa ufukweni ndio waliotufuata na mashua wakaikata kamba. Wote tulitoka wazima. Vifaa, simu, kila kitu chini ya ziwa, na huyo muuzaji nilivyomrudia akaniambia eti nilikaa vibaya.

Sasa nisikilize vizuri. Nanga inatokea omoni, puani kabisa mwa mtumbwi, sio karibu na pua, sio kiti cha mbele, PUANI. Ukiwa umekaa nyuma huwezi kufika huko bila kutambaa juu ya watoto, kwa hiyo weka pete puani, pitisha kamba ndani yake, halafu mwisho wake uurudishe mpaka pale ulipokaa. Mvuto unabaki puani, ila wa kuachia ni wewe na hunyanyuki kwenye kiti. Na fungia fundo la kuvuta, lile ambalo ukichomoa ncha linafunguka lote, lijaribu kwa mkono mmoja likiwa limelowa kabla hujaliamini. Boya au hata dumu tupu lililofungwa kifuniko lifunge kwenye kamba nje ya pete, upande wa nanga, maana ukilifunga mwishoni halitapita kwenye pete. Upepo ukikuzidi huhangaiki kuvuta nanga wala huililii, unaachia kila kitu, mnapiga kasia kurudi, siku ikitulia utakuja utakuta dumu lako linaelea.

Kamba iwe ndefu. Watu wanapima kina ni mita 4 wanabeba kamba ya mita 6, wanashangaa nanga inaburura au pua inavutwa chini kila wimbi likija. Kamba fupi inavuta wima. Inatakiwa ilale, kwa hiyo kina cha mita 4 kinataka mita 20 mpaka 28, mara tano hadi saba ya kina. Kama huna kamba hiyo basi huna pa kutia nanga hapo, sogea kwenye maji mafupi.

Kisu kikae mwilini mwako. Mfukoni mwa jaketi au shingoni kwenye ala yake. Sio sandukuni, sio chini ya kiti, sio kwa shemeji kwenye mkoba.

Naona kuna mdau hapo juu anasema tia nanga mbili, omoni na tezini, yaani mbele na nyuma, mtumbwi utulie kabisa. Mkuu hiyo ni ile ile ya ubavuni umeivalisha nguo nyingine! Upepo ukigeuka ukaja wa pembeni umekingama tena na safari hii una kamba mbili za kuachia. Na huyu aliyesema yeye anafunga ubavuni miaka yote na hajawahi kupata tatizo, sawa, ila yeye anavua peke yake na kuogelea anajua, mwenzake ana mtoto anayekaa kwenye sakafu hawezi hata kuona wimbi linakuja. Mtaniita mwoga, niiteni tu, wahenga walishasema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio.

Tena nani kasema lazima nanga? Na watoto wadogo nusu ya muda hamuihitaji kabisa. Acha mtumbwi utembee na upepo karibu na ufukwe, samaki wanapatikana vile vile, mkisogea sana unapiga kasia kidogo mnarudi. Wanaopenda hivyo hata chambo chao kinapita sehemu nyingi zaidi.

Umeuliza saa ngapi. Alfajiri muingie, kabla ya mchana muwe mmetoka, maana jua likipanda ardhi inapata joto haraka kuliko maji na upepo wa kutoka ziwani huwa unaamka siku za jua kali. Mtoto mdogo akae sakafuni katikati, na hakuna mtu kusimama, hata samaki awe mkubwa vipi, anavutwa ukiwa umekaa. Kabla hamjaondoka tazama nafasi kati ya maji na mdomo wa mtumbwi mkiwa wote ndani pamoja na mizigo, ikiwa chini ya shubiri moja punguza mzigo au mtu, fanyeni safari mbili.

Jaketi la mtoto lijaribu mkiwa bado nchi kavu, mfunge kila mkanda halafu mnyanyue kwa kushika mabega ya jaketi. Likipanda likafika masikioni ni kubwa, rudisha dukani, usikubali maneno ya atalikulia. Liwe na mkanda unaopita kati ya miguu. Angalia na namba ilioandikwa ndani, ni kipimo cha nguvu ya jaketi kumwelesha mtu, hayo ya newtoni 50 ni ya mtu anayejua kuogelea, hayamgeuzi mtu uso juu akizimia. Kwa mtoto asiyejua kuogelea tafuta 100 kwenda juu. Na avae, asilikalie.

Kabla ya siku yenyewe nenda na shemeji kwenye maji ya kiunoni, tieni nanga omoni, mmoja ahesabu mwingine aachie kamba. Ikizidi sekunde tano fundo lenu bado baya, lifungeni upya mrudie. Halafu mfundishe na yeye aweze bila wewe, kwa sababu wewe unaweza kuwa ndiye uliyeangukia majini.

Ya fimbo wengine watakujibu, mimi fimbo yoyote inanitosha. Ila ile pete ya ubavuni ing'oe leo, hata kama huendi wiki hii, maana ikiwepo kuna siku utamuazima mtu mtumbwi na ataifungia nanga yake. Matundu ya skrubu uyazibe vizuri yasipitishe maji, halafu weka picha ya omo hapa tukuonyeshe pete mpya ikae wapi.